Hodi ya Kutoka Ndani

Miaka thelathini na mmoja nilisimama kwenye mizani ya mkonge.
Robota likija nalitazama kabla halijapanda,
nalijua lenye singa safi na lile lililonyweshwa usiku
ili liongeze kilo.
Kwa hiyo Fundi Semkiwa aliposhusha mbao pale Kange
akaniambia, "Mama, hizi zimekauka kama mifupa,"
sikumbishia.
Niliinua ubao mmoja kwa mikono miwili.
Ulikuwa bado unakunywa.
"Rudisha," nikasema.

Dereva wa Fuso alinitazama, akamtazama fundi,
akatafuta mwanamume wa tatu wa kumtazama, hayupo.
Nipo mimi na kanga niliyojifunga kiunoni,
na daftari la hesabu lenye jalada la bluu,
na mawingu yanayojikusanya upande wa Usambara
kama wadai siku ya mshahara.

Ramani niliichora mwenyewe, nyuma ya karatasi za mizani.
Semkiwa aliigeuzageuza kama cheti cha hospitali.
"Dirisha la jikoni umeliweka chini mno.
Dirisha huanzia futi tatu."
Nikamwambia lete ile ndoo ya saruji.
Nikaifudikiza, nikaikalia.
"Pima hapa, penye jicho langu.
Nimesimama vya kutosha.
Nataka nimenye vitunguu nimekaa,
nimwone anayekuja kabla hajaamua kama anakuja."
Akacheka, akachomoa penseli nyuma ya sikio,
akabomoa kozi mbili za tofali bila kunidai.
Kesho yake alinidai.

Mbao kavu zilikuja Jumanne, kutoka Muheza,
zikapakwa dawa ya mchwa mpaka mtaa ukapiga chafya.
Kenchi ya kwanza ilipanda kwa kamba na kwa matusi,
ikasimama peke yake angani, imelewa,
Hozza ameikumbatia mguu,
wote kimya, msemaji ni timazi.
Ya pili ikaja kuishika mkono.
Ya tatu. Ya nne. Papi zikalala juu yao,
na hapo, sijui kwa nini, nilikwenda nyuma ya rundo la mchanga
nikalia, dakika mbili hivi,
nikarudi kuuliza nani amekula misumari kilo tano.

Mvua ilitukuta mabati tisa hayajapigiliwa.
Tuliyalalia, vibarua wanne na fundi,
nami chini nimening'inia kwenye kamba,
kila bati linataka kwenda kwao.
Semkiwa alipiga misumari macho yamefumba
na kila nyundo ikaitikiwa na radi.
Ilipopita, upande wa jikoni ulikuwa dimbwi,
chumbani vumbi, vumbi kavu kabisa, lenye nyayo zangu za asubuhi.
Nikaingia kuzitazama.
Kabla ya hapo pale palikuwa njia ya upepo tu.

Leo fremu ya mbele imekaa. Mninga.
Bawaba tatu, kitasa bado kina mafuta ya dukani.
Madirisha ni matundu; grili zinasubiri mafao,
na mafao yanasubiri mtu wa Dodoma apate saini.
Kupitia lile langu la chini hata mbuzi anaingia bila kuinua goti.
Nikafunga mlango hata hivyo.
Nikazungusha ufunguo mara mbili,
nikauchomoa, nikaupima kiganjani:
gramu arobaini, haizidi.

Ndipo mlango ukagongwa. Kwa ndani.
"Hodi!"

Ni Hozza, alirudi kufuata mwiko wake.
Tundu la dirisha lipo hatua mbili kutoka aliposimama,
angetoka kama tulivyotoka sote miezi hii yote,
mguu mmoja, halafu mwingine.
Lakini mlango umefungwa, naye amelelewa.
"Hodi humu!" akarudia,
sauti yake imepata kuta, imekuwa nzito.

Nami, mwenye nyumba, niko nje kwenye matope,
ufunguo mkononi,
nikajibu,
"Karibu."